Kagurudumu kalikokataa, na yule tuliyemsingizia

Safari hii zamu ya kuandika ni yetu, sisi wa Rusizi. Wengi walituuliza kamera yetu ilipona vipi, kwa hiyo tulipatana tuandike hatua zote, moja moja, ili na wengine zifae. Lakini tukieleza ufundi peke yake tutakuwa tumeficha nusu ya habari, ile nusu inayotutia haya. Tunaweka zote mbili.

Tuko vijana kumi na wawili. Wengi wetu tulivuka kutoka Bukavu mwezi wa pili 2025, vita vilipofika mjini. Wanaojua huku wanajua kwamba si mbali. Ukisimama Kamembe unaona nyumba za Bukavu zimepanda kilima, na usiku unaona taa zake juu ya maji ya Kivu. Unaona kwenu, lakini hulali kwenu. Wengine wetu walikuja mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule, wakitokea Uvira na uwanda wa Ruzizi, wakavukia Bugarama na kupandishwa hadi kituo cha mpito cha Nyarushishi.

Kamera yetu ni moja tu. Tuliachiwa na mfanyakazi mmoja wa misaada aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao. Haikuwa mpya. Mpira wa kushikia ulikuwa umeanza kubanduka na maandishi ya vitufe yamefutika. Lakini kwetu ilikuwa kitu kikubwa, kwa sababu ilitupatia kazi. Watu waliokimbia usiku hawakubeba albamu. Kuna mama hana hata picha moja ya mume wake. Kuna watoto hawajawahi kujiona kwenye karatasi. Basi tulikuwa tunawapiga picha, tunatoa kwenye karatasi kwa mwenye studio mmoja Kamembe, tunawarudishia. Hatukuwa tunalipisha, ila anayeweza anachangia bei ya karatasi.

Kamera ya aina hii ina vigurudumu viwili vya kuzungusha. Kimoja kiko mbele, karibu na kitufe cha kupigia, unakizungusha kwa kidole cha shahada. Kingine kiko nyuma, chini ya kidole gumba. Ukiwa umeweka kamera kwenye M, yaani unajipangia mwenyewe kila kitu, kwetu cha mbele kinabadilisha ukubwa wa tundu la lenzi na cha nyuma kinabadilisha kasi. Kasi ndiyo ule muda ambao kamera inafungua jicho: 1/60 ni sehemu moja ya sekunde ikigawanywa mara sitini, mwanga mwingi unaingia, 1/2000 ni kufumba na kufumbua, mwanga kidogo sana. Ni hako ka nyuma ndiko kalikotutesa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Tulipanda Nyarushishi kumpiga picha bibi mmoja, sisi tunamwita Koko. Alikuwa kwenye orodha ya watu wa kuhamishwa kambi nyingine, huko mashariki ya nchi, na basi lilikuwa la Alhamisi alfajiri. Watoto wake wawili walibaki Bukavu. Alikuwa amepata mtu wa kuwapelekea bahasha, na ndani ya bahasha alitaka kuweka picha yake kubwa, ya karatasi, "wasiseme tulimusahau sura." Alivaa kitenge chake cha kanisani, ndicho pekee alichovuka nacho. Tulimpiga picha zaidi ya ishirini. Tulikuwa tumezima kioo cha nyuma ili tusimalize batri, kwa hiyo hatukuwa tunaangalia.

Jioni tulipofungua kompyuta, picha zote za Koko isipokuwa tatu za kwanza zilikuwa nyeusi. Tulisoma zile taarifa ambazo kamera inaandika ndani ya kila picha. Tulikuwa tumepanga 1/125. Picha ya nne ilionyesha 1/2000. Hapo kamera ilikuwa imepokea mwanga mara kumi na sita pungufu ya uliotakiwa. Na zile tatu nzuri? Katika zote tatu Koko alikuwa amefumba macho au amegeuka kumwangalia mjukuu.

Hapa ndipo nusu ya aibu inapoanzia. Hakuna aliyeuliza "ilikuwa nini?" Sote tuliuliza "ilikuwa nani?" Na jibu lilikuja haraka. Jumapili iliyotangulia kamera ilikuwa mikononi mwa yule mdogo wetu, mgeni kuliko sote, mmoja wa waliotoka Uvira. Alikuwa ameshuka nayo ziwani kupiga picha za wavuvi wa sambaza, wakati wa jioni wanapotoka na zile boti zao tatu zilizofungwa pamoja. Kulikuwa na upepo, kulikuwa na maji ya kurukaruka. Basi ikawa ni yeye. Tulimwambia kwenye kundi letu la simu, mbele ya wote, kwamba ameharibu kitu cha watu. Mmoja wetu aliandika eti wale wa nyuma hawajui thamani ya vitu. Hakujibu. Asubuhi tuliona ameondoka kwenye kundi.

Tulikuwa na fomu ya kujaza kwa shirika linalotusaidia karatasi na usafiri. Kwenye fomu kuna mstari unaouliza kifaa kiliharibika mikononi mwa nani. Tulijaza jina lake. Hakuna mstari uliouliza kilikuwa na umri gani.

Jumatano asubuhi tuliipeleka kamera kwa fundi wa simu mmoja, karibu na soko la Kamembe. Alituambia wazi kwamba yeye si fundi wa kamera. Lakini alikishika kile kigurudumu, akakizungusha polepole sikioni kama anayesikiliza saa, halafu akauliza swali ambalo hatukulitegemea.

"Mulihesabu?"

"Kuhesabu nini, papa?"

"Inakataa mara ngapi. Inakataa kuume ao kushoto. Ile ingine ya mbele nayo inakataa? Kama hamukuhesabu, hamujue ugonjwa. Munajua tu kama mutoto analia."

Basi tuliketi kwenye benchi lake tukaanza upya, kwa utaratibu. Tunauandika hapa kama alivyotuongoza.

Kwanza, tazama kama hakijafungwa. Kamera nyingi zina kaswichi kadogo ka kufunga gurudumu la nyuma ili lisizunguke lenyewe ndani ya mfuko. Watu wengi wanahangaika wiki nzima, kumbe walisukuma hako kaswichi bila kujua. Kwetu kalikuwa wazi, kwa hiyo ugonjwa haukuwa huo.

Pili, tazama uko kwenye mpangilio gani. Kuna mpangilio ambao gurudumu moja halina kazi, na kwenye menyu mtu anaweza kubadilisha kazi za magurudumu au mwelekeo wake. Tuliandika mipangilio yetu kwenye karatasi, halafu tukarudisha kamera kwenye mipangilio ya kiwandani. Tukatoa batri, tukangoja dakika chache, tukairudisha. Hakuna kilichobadilika. Ina maana programu haikuwa na kosa.

Tatu, hesabu. Zungusha mlio mmoja mmoja, polepole, na kila mlio tazama namba kwenye kioo. Mmoja anazungusha, mwingine anaandika. Gurudumu la mbele: milio ishirini, limetii yote ishirini. La nyuma kwenda kuume: milio ishirini, limetii kumi na mbili, limenyamaza tano, na tatu limerudi kinyume. Kwenda kushoto: limetii tisa, limenyamaza saba, limerudi kinyume nne. Karatasi hiyo bado tunayo.

Fundi aliitazama karatasi akasema sasa tunaongea. Alichukua redio ya zamani akatuonyesha kile kifundo cha sauti kinachokwaruza ukikigusa. Akasema kagurudumu ketu ni ndugu yake. Ndani kuna kisahani chenye vipande vidogo vya madini, vikipishana na sehemu zisizopitisha umeme, na juu yake kuna vidole vyembamba vya chuma vinavyoburuzika. Ukizungusha, vidole vinagusa na kuachia, na kamera inapokea mapigo mawili, moja likitangulia lingine kidogo. Likitangulia hili, kamera inajua unaenda kuume. Likitangulia lile, inajua unaenda kushoto. Vumbi, jasho na kutu nyembamba vikikaa kati ya kidole na kisahani, pigo moja linapotea au linachelewa. Mapigo yote mawili yakipotea, kamera inanyamaza. Likichelewa moja, kamera inadhani umegeuza mkono. Ndiyo maana ilikuwa inarudi kinyume. Na mapigo yakiwa ya kutetemeka, inaweza kuruka ngazi kadhaa kwa mguso mmoja tu wa kidole, bila wewe kusikia. Ndivyo tulivyotoka 1/125 tukafika 1/2000.

Halafu alichukua kijiti cha meno, akakipitisha kwenye ukingo wa kagurudumu, akatuonyesha ncha yake. Ilitoka na utando mweusi unaonata, kama nta.

"Hii uchafu si ya Juma," alisema. "Hii ni ya miaka. Ni mikono ya watu mingi."

Tulinyamaza. Tulikuwa tumemweleza hadithi ya ziwa kabla hata hajauliza.

Tuliporudi tulifungua kompyuta tena. Aliyefungua ni yuleyule mmoja wetu aliyeandika maneno mabaya kwenye kundi. Alisema anataka kuhakikisha mwenyewe. Tulianza kurudi nyuma, picha kwa picha, tukisoma kasi iliyoandikwa. Kwenye picha za mwezi wa kumi na moja, watoto watatu wamesimama mlango uleule, mwanga uleule, ndani ya dakika moja: 1/125, 1/125, 1/800. Hakuna mtu anayechagua hivyo. Tukaona zingine, na zingine. Zile picha tulikuwa tumezitupa tukisema mpigaji alikosea.

Yule mdogo wetu alivuka mwezi wa kumi na mbili. Kamera ilikuwa inaumwa kabla yeye hajawa mkimbizi.

Tunataka msomaji akae kidogo na sentensi hiyo, kama sisi tulivyokaa nayo. Sote tunajua jinsi ilivyo kufika mahali na kitu kikipotea unatazamwa wewe. Kwenye nyumba ya kupanga, kwenye foleni ya maji, kwenye duka. Tumeandika humu mara nyingi tukilalamika juu ya macho hayo. Na sisi tulipopata nafasi ya kuwa wenyeji wa mtu, hata siku mbili hatukumpa.

Tulikwenda kwake watatu, mchana huohuo. Anakaa na shangazi yake. Hatukwenda na maneno mengi. Yule mwenzetu alisema, "Mudogo, tulikusingizia. Ilikuwa inakufa zamani. Utusamehe." Tukampa simu aone zile tarehe. Alizitazama muda mrefu. Halafu akasema kitu ambacho hatukuwa tumekifikiria: kwamba hata Jumapili, kule ziwani, alikuwa ameona kagurudumu kanaruka, akahamia P ili asipate shida, na alitaka kutuambia lakini aliogopa ataulizwa yeye. Yaani aliyejua ugonjwa alikuwepo. Tulikuwa tumejenga kundi ambalo ndani yake anayeona kosa ananyamaza.

Kwa wasiojua, P ni ule mpangilio ambao kamera inajichagulia kasi na tundu. Hauhitaji gurudumu. Jumanne tungeutumia na sisi, picha za Koko zingetoka. Lakini tulikuwa tumejifunza M na tulikuwa tunajivuna nayo.

Fundi alikuwa ametuonya: tusianze kusafisha kabla ya picha ya Koko. "Kwanza mupige picha ya ule mama. Dawa inangoya, basi haingoye." Kwa hiyo Jumatano saa kumi tulipanda tena Nyarushishi, na kamera aliibeba yeye, mdogo wetu. Koko alikuwa ameshafunga vitu vyake kwenye mfuko wa mchele. Alifungua tena akatoa kitenge. Tuliweka P, tukawasha kioo, tukamketisha karibu na mlango ambapo mwanga unaingia ubavuni. Picha sita tu. Baada ya kila picha tulimwonyesha, naye alisema ndiyo au hapana. Ya tano alisema ndiyo. Mwenye studio alikubali kufunga akiwa amechelewa, na Alhamisi kabla ya basi bahasha ilikuwa mikononi mwa aliyeagizwa. Koko alibaki na nakala moja, ameiweka ndani ya Biblia.

Ni baada ya hapo ndipo tulisafisha. Mkitaka kufanya kama sisi, fuateni hivi.

Toa batri na kadi. Puliza vumbi kwa kile kipira cha kubonyeza; usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Safisha ukingo wa gurudumu kwa kijiti cha meno na brashi laini, kamera ikiwa imeinamishwa ili uchafu uanguke nje. Halafu, batri ikiwa bado nje, zungusha gurudumu haraka kwenda na kurudi, mara mia moja au zaidi. Vidole vya ndani vikiburuzika hivyo vinajikwangua vyenyewe. Rudisha batri, hesabu tena. Sisi hatua hii peke yake ilitupandisha kutoka kumi na mbili hadi kumi na sita.

Kama bado, tafuta alkoli. Soma lebo vizuri: ya 70 ina maji mengi, tafuta ya 90 kwenda juu, na isiwe na rangi wala manukato. Mmoja wetu alitaka kutumia jeli ya kunawia mikono, mwingine marashi. Hapana. Jeli inaacha utelezi na marashi yanaacha mafuta. Mafuta ya kupuliza ya baiskeli na milango nayo hapana. Chovya kijiti cha pamba, kikamue, gusa ukingo wa gurudumu. Tone dogo linatosha, usimwage. Zungusha mara nyingi. Acha kamera ikiwa wazi bila batri mpaka kesho yake, sehemu kavu. Rudia mara moja ikibidi.

Usifungue mwili wa kamera kama hujafundishwa. Ndani, karibu na taa ya kumulika, kuna kihifadhi cha umeme kinachoweza kubaki na volti mia kadhaa hata batri ikiwa nje. Kinapiga vibaya. Zaidi ya kusafisha ukingo, mwachie fundi anayejua.

Ijumaa jioni tulihesabu mara ya mwisho. Kuume ishirini kwa ishirini. Kushoto kumi na tisa kwa ishirini. Fundi anasema ule mmoja ni dalili ya uzee, na siku moja itabidi kubadilisha kipande chote. Tunahesabu kila Jumamosi sasa, na anayeandika ni mdogo wetu. Amerudi kwenye kundi, ingawa anaongea kidogo kuliko zamani. Hatumlazimishi.

Kwa vijana wenzetu tunasema: kitu kikiharibika, andikeni kwanza kinafanya nini, mara ngapi, tangu lini. Jina la mtu liwe la mwisho, na mara nyingi hamtalihitaji.

Na kwenu wakubwa wa misaada, kwa heshima: mkitupatia kifaa kilichotumika, tunashukuru kweli. Tupeni pia chupa ya alkoli, kile kipira cha kupuliza, na dakika kumi za kutuambia kimeshaanza kuchoka wapi. Na kwenye ile fomu, ongezeni mstari mmoja wa kuuliza kifaa kina miaka mingapi. Sisi tulirudisha yetu wiki iliyopita. Jina lake tumelifuta, na pale palipoandikwa "nani" tumeandika: mikono mingi, miaka mingi, na ya kwetu imo.

Tuko pamoja. Mkiwa na kamera inayokataa, hesabuni kwanza, halafu mtuandikie.